Bloku mpya au ya mtumba? Kipimo kwanza, bei baadaye

SWALI linalomkabili mwenye gari la biashara siku injini inaponoki ni moja, nalo ni la fedha: anunue bloku mpya au atafute ya mtumba? Mafundi wana majibu yao, wauza vipuri wana yao, na kila upande una sababu ya kusema unachosema. Fundi hutaka kazi, muuzaji hutaka kuondoa mzigo dukani. Anayebaki na gari lililolala gereji ni mwenye mali.

Mjadala huu umekuwapo tangu mwaka 1984, pale Serikali ya Tanzania iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Magari ya Kijapani yaliyotumika yalianza kuingia kwa wingi, na vipuri vyake vikafuata. Leo anayetembea Gerezani au Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, hukuta bloku zimepangwa kando ya duka kama matofali, mpya ndani ya mabokisi na za mtumba zikiwa bado na oili ya mwenye gari wa kwanza.

Hata hivyo, swali lenyewe limekuwa likiulizwa vibaya. Tofauti inayomtia mtu hasara haipo kati ya bloku mpya na ya mtumba. Ipo kati ya bloku iliyopimwa na isiyopimwa. Soko linaloendelea kuuza chuma hiki kwa kukiangalia kwa macho na kukigonga kwa nyundo linawatoza wanunuzi kodi isiyoandikwa popote.

MTU ANANUNUA NINI

Bloku ni mwili wa injini. Ndani yake hupita pistoni, chini yake hulala krenkishafti, juu yake hufungwa silinda hedi, na katikati ya kuta zake hupita maji na oili. Kifaa kingine chochote kikiharibika hubadilishwa chenyewe. Bloku ikiharibika, vyote vilivyofungwa juu yake huenda nayo.

Sokoni bidhaa hii huuzwa kwa sura tatu. Ya kwanza ni bloku tupu. Ya pili ni nusu injini, yaani bloku iliyokwisha kufungwa krenki na pistoni. Ya tatu ni injini kamili, ambayo mara nyingi hushushwa kutoka kwenye kontena ikiwa na hedi, na wakati mwingine hata na gia boksi. Mnunuzi anayelinganisha bei bila kuuliza ni sura ipi anapewa huwa analinganisha mbuzi na ng'ombe.

Nyingi za mtumba hutoka Japani, ama moja kwa moja ama kupitia Dubai na Sharjah. Japani ina ukaguzi wa lazima wa magari: gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waachane na magari ambayo injini zake bado zina nguvu. Aidha, sheria ya nchi hiyo ya kuchakata magari yaliyochakaa, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2005, iliiweka shughuli ya kuyavunja chini ya utaratibu maalumu. Ndiyo sababu shehena ya injini haikauki.

Thamani ya yeni nayo imekuwa na sehemu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ya Marekani ilikuwa ikinunua yeni 115 hivi. Katikati ya mwaka 2024 ilivuka 160. Mwagizaji mwenye dola alipata chuma zaidi kwa fedha ile ile. Lakini mnunuzi wa rejareja hulipa kwa shilingi, na shilingi ikitetereka mbele ya dola, nafuu hiyo huishia njiani.

HESABU YA MWENYE GARI

Ichukuliwe mfano wa Haisi ya abiria inayompa mwenyewe hesabu ya Sh. 60,000 kwa siku. Takwimu zinazofuata ni za mfano wa kukokotoa tu, na kila mfanyabiashara anaweza kuweka zake.

Bloku ya mtumba inauzwa Sh. 1,000,000 na mpya Sh. 2,600,000. Gasketi, ringi, beringi, oili na ujira wa fundi ni Sh. 1,400,000 kwa vyovyote vile. Gari linalala gereji siku nane, yaani Sh. 480,000 za hesabu zinapotea. Anayefunga ya mtumba anatumia jumla ya Sh. 2,880,000. Anayefunga mpya anatumia Sh. 4,480,000. Tofauti ni Sh. 1,600,000, na hapo wengi hufunga daftari wakiamini wameshapata jibu.

Sasa ichukuliwe kwamba ile ya mtumba ilikuwa na ufa usioonekana, ikaanza kuchanganya maji na oili baada ya miezi miwili. Bloku nyingine inatakiwa, gasketi na oili vinanunuliwa upya, fundi analipwa tena, na gari linalala siku nane nyingine. Gharama imekuwa Sh. 5,760,000, ambayo inaizidi ile ya bloku mpya kwa Sh. 1,280,000.

Haki itendeke kwa pande zote. Kwa hesabu hii hii, anayenunua mtumba kwa kubahatisha anaweza bado kutoka salama ikiwa mbovu ni chache, kwani mpaka zifike tano kati ya tisa ndipo faida ya bei inapoliwa yote. Ndiyo maana wapo watu wazima katika biashara hii wanaoapa kwamba hawajawahi kununua bloku mpya na hawatanunua. Hawasemi uongo.

Lakini mwenye magari kumi ana nafasi ya kufidia bahati mbaya ya gari moja kwa bahati nzuri ya mengine tisa. Mwenye Haisi moja iliyonunuliwa kwa mkopo hana nafasi hiyo. Bloku moja mbovu humkuta na rejesho la benki mkononi na gari juu ya mawe. Wastani wa soko hauwezi kumsaidia.

Hapo ndipo kipimo kinapoingia. Ikiwa kupeleka bloku kwenye karakana ya kuchonga vyuma ikapimwe kunagharimu Sh. 100,000, na siku moja zaidi ya kulala ni Sh. 60,000, basi kipimo kizima ni Sh. 160,000. Hasara inayokingwa ni Sh. 2,880,000. Kugawanya kunaonyesha kwamba kipimo kikigundua bloku mbovu moja tu kati ya kumi na nane, kimejilipa. Hakuna mtu Gerezani atakayesimama kidete kudai kwamba mbovu ni chini ya moja kati ya kumi na nane.

VITU VYA KUPIMA

Karakana inayojua kazi yake huanza na silinda. Kila silinda hupimwa kipenyo chake juu, katikati na chini, na kila mahali hupimwa pande mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Hivyo ni vipimo sita kwa silinda moja, ishirini na nne kwa injini ya silinda nne. Silinda hulika zaidi karibu na juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, kwa kuwa hapo joto ni kali na oili ni haba. Matokeo yake mdomo hupanuka kuliko kitako, na duara huanza kuwa yai.

Kinachofuata ni uso wa juu, mahali gasketi ya hedi inapokaa. Rula ya chuma iliyonyooka hulazwa juu yake, na fila huingizwa chini kutafuta mwanya. Kwa injini ya 1NZ-FE, ambayo imo katika Vitz, IST na Probox nyingi zinazotembea mijini, kiwango cha juu cha kupinda kinachoruhusiwa ni milimita 0.05. Hiyo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Jicho la muuzaji, hata liwe na uzoefu wa miaka thelathini, haliwezi kuona kipimo hicho.

Nyufa nazo zina njia zake. Bloku ya chuma cha kusubu hupakwa unga wa sumaku, na ufa hujichora wenyewe. Ya alumini haishiki sumaku, hivyo hupakwa rangi inayopenya. Njia inayofaa zote mbili ni kuziba njia za maji, kusukuma upepo ndani, kisha kutumbukiza kwenye maji na kuangalia mapovu, kama anavyofanya fundi wa pancha.

Yapo pia mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyatazama mwenyewe kabla hata ya kulipia kipimo. Kwanza ni vifuniko vya krenki. Vifuniko hivi huchongwa kiwandani vikiwa vimefungwa kwenye bloku ile ile, hivyo vya bloku moja havifai kwa nyingine. Bloku inayouzwa bila vifuniko vyake ni chuma chakavu, hata iwe inang'aa namna gani.

Pili ni njia za maji. Bloku iliyotumia kulanti maisha yake yote huwa na njia safi. Iliyotumia maji ya kisima, hasa ya ukanda wa pwani yenye chumvi, huwa na kutu nene na vizibo vilivyoliwa. Muuzaji akisema mzigo umeshuka juzi kutoka Japani na njia za maji zimejaa kutu, mnunuzi ana haki ya kujiuliza Japani ipi hiyo.

Tatu ni namba. Namba ya injini hugongwa kwenye bloku, na ndiyo iliyoandikwa katika kadi ya gari. Kubadili bloku ni kubadili namba, na mabadiliko hayo hutakiwa kufikishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ili kumbukumbu za gari zirekebishwe. Bloku iliyopigwa tupa mahali pa namba iachwe ilipo, kwani huenda ilitoka katika gari la wizi. Risiti na nyaraka za kuingizia mzigo ni sehemu ya bidhaa. Hata bloku mpya, ambayo mara nyingi huja bila namba, inahitaji nyaraka zake.

SI KILA INJINI NI SAWA

Injini za zamani za dizeli za Toyota, kama 3L na 5L za Haisi na Hilux, au 1HZ ya silinda sita ya Land Cruiser, zina bloku ya chuma cha kusubu yenye nyama ya kutosha. Silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96 na ya 5L ina milimita 99.5. Zikilika huchongwa na kufungwa pistoni za ovasaizi, au zikatiwa slivu na kurudishwa kwenye kipimo cha kiwandani. Kwa injini hizi bloku ya kwanza kupimwa iwe ile ile iliyomo ndani ya gari. Historia yake inajulikana, namba yake imo kwenye kadi, na bei yake ya kununulia ni sifuri. Wengi huitupa wakanunua nyingine ya mtumba iliyolika kuizidi.

Mafundi wa siku nyingi husema bloku ya chuma iliyotumika imekomaa, kwamba imepata joto na kupoa mara elfu nyingi hadi chuma kimetulia na hakitapinda tena. Hoja hiyo ina ukweli, na hata wajenzi wa injini za mashindano hupenda bloku za namna hiyo. Lakini kukomaa ni kwa joto la kawaida. Bloku iliyochemsha hadi hedi ikapinda haikukomaa, iliungua. Kinachotenganisha hizo mbili ni kipimo.

Kwa injini ndogo za petroli zenye bloku ya alumini mambo ni tofauti. Katika 1NZ-FE kuta za silinda ni slivu nyembamba za chuma zilizosubiwa pamoja na alumini, na hazikutengenezwa kwa kuchongwa upya. Silinda ikilika kupita kiasi, kuihuisha bloku hiyo kwa njia za kawaida hakulipi. Bloku mpya halisi nayo, ukiongeza vifaa vya kuijaza, inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe. Hapa injini kamili ya mtumba ndiyo chaguo la akili, mradi mgandamizo wa kila silinda upimwe kwanza na tofauti kati yake iwe ndogo.

Zipo pia injini zenye ugonjwa unaojulikana. Baadhi ya 2AZ-FE za miaka ya 2000, zilizofungwa katika Camry na RAV4, zina sifa ya nyuzi za boliti za hedi kung'oka kwenye alumini ya bloku. Anayebadilisha mbovu kwa mtumba wa aina ile ile bila kukagua nyuzi hizo anaweza kuwa ananunua maradhi aliyoyakimbia.

MPYA NAYO INA MAJARIBU YAKE

Neno mpya limebeba mambo mengi. Ipo mpya ya kampuni iliyotengeneza gari, ipo ya viwanda vingine vinavyotengeneza kwa vipimo hivyo hivyo, na ipo ya kuigiza iliyovaa bokisi la wenyewe. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia Tanzania Bara kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini tume haiwezi kusimama katika kila duka. Anayelipa bei ya halisi adai risiti inayotaja jina na namba ya kipuri, na dhamana ya maandishi. Kisha naye apeleke bloku yake ikapimwe, kwa sababu kiwanda nacho hukosea.

Mpya halisi ina mahali pake. Gari lililo katika mkataba, kama Land Cruiser ya kubeba watalii katika mbuga za Kaskazini au gari la mradi wilayani ambako fundi yuko mbali, hupoteza kwa siku moja ya kulala zaidi ya tofauti ya bei. Kwa gari kama hilo, lenye miaka mingi ya kazi mbele yake, mwenyewe asione tabu kulipia mpya. Kwa gari ambalo mwenyewe anapanga kuliuza mwakani, hiyo ni sadaka kwa mnunuzi ajaye.

WAFANYABIASHARA WAANZE

Utaratibu wa kumlinda mnunuzi si mgumu. Atoe arbuni, achukue bloku kwa maandishi kwamba ikishindwa kipimo ndani ya siku mbili itarudishwa na fedha yake irudi, kisha aipeleke karakana anayoichagua yeye. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamtambua mnunuzi kuwa na haki ya kupewa nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali, ikiwa hawakukubaliana vinginevyo. Tatizo ni lile neno lililochapwa chini ya risiti nyingi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Anayeipokea risiti hiyo kimya amekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. Kahawa inayopelekwa mnadani Moshi hupangwa madaraja kabla ya mnada, na mnunuzi hutoa bei kulingana na daraja. Mahindi yaliyojazwa lumbesa yamepigiwa kelele kwa miaka mingi kwa sababu yanampokonya mkulima haki ya kipimo. Bloku ya injini, ambayo bei yake inaweza kuzidi gunia nyingi za mahindi, inauzwa bila daraja wala kipimo.

Mwagizaji anayeleta kontena la injini anaweza kubadili jambo hili kwa gharama ndogo. Geji ya kupimia silinda, rula ya chuma, seti ya fila na kijana mmoja aliyefundishwa vinatosha kuanzia. Kila bloku iandikwe vipimo vyake kwa rangi ubavuni: hii inafaa kama ilivyo, hii inahitaji kuchongwa, hii ni ya kuyeyusha. Ya daraja la kwanza iuzwe kwa bei ya juu zaidi kuliko ilivyo sasa, na mnunuzi ataitoa, kwa kuwa mfano uliotangulia unaonyesha kwamba uhakika una thamani kubwa kuliko punguzo. Ya daraja la mwisho iende kwa wauza chuma chakavu, inakostahili.

Watakaosema kwamba hatua hiyo itawaharibia biashara watazame upande wa pili. Muuzaji asiyepima hulipwa bei ya wastani kwa bloku nzuri na mbovu. Wenye nzuri wanapunjwa, wenye mbovu wanabebwa, na taratibu mizigo mizuri huanza kukimbilia masoko yanayojua kuitofautisha. Kizuri chajiuza, lakini ni pale tu mnunuzi anapopewa njia ya kukijua.

Hadi hapo utaratibu huo utakapoenea, mwenye gari ana silaha moja, nayo ni kukataa kutaja bei kabla ya kipimo. Muuzaji anayejiamini ataruhusu bloku itoke dukani kwa arbuni. Anayekataa katakata amekwisha kutoa jibu, na bloku yake ikadiriwe kwa kilo, kwa bei ya chuma chakavu.